Lugha ya Maumivu na Utambuzi wa Ugonjwa: Maumivu ya Uke wa Nje kwa Watoto na Vijana wa Kike, kwa Kurejelea Kata ya Mtunda, Wilaya ya Kibiti

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna maumivu ya uke wa nje yanavyoweza kutambuliwa na kutibiwa kwa watoto na vijana wa kike katika mazingira ya Kata ya Mtunda, Mkoa wa Pwani. Hoja inayotetewa ni kwamba kosa kubwa la utambuzi hutokea kabla mgonjwa hajapanda kitandani kupimwa. Hutokea katika maneno. Tafsida huficha mahali panapouma, kitenzi kimoja hubeba hisia mbili zenye tiba tofauti, na dhana ya ugonjwa wa zinaa hufunga uchunguzi mapema. Kichocho cha sehemu za uzazi kinapewa nafasi kubwa zaidi kwa kuwa ndicho kinachodhurika zaidi na kosa hilo.

1.0 Utangulizi

Mtunda ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji. Wenyeji wa eneo hili ni Wandengereko na Warufiji, na maisha yao yamefungamana na mpunga, uvuvi, minazi na mikorosho. Katika bonde la Rufiji familia zimezoea kuhamia mashambani msimu wa mpunga na kuishi katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama waharibifu. Huko mabondeni maji ya kupikia, kufulia na kuogea aghalabu hutoka katika mabwawa na vijito vilevile, na anayeingia majini mara nyingi zaidi ni mtoto wa kike, kwa kuwa kuchota na kufua ni kazi yake. Mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti yaliwakumbusha wengi kwamba katika bonde hili maji huwafuata watu hata wale wasioyafuata.

Taaluma ya tiba imekwisha kueleza kwa kina magonjwa yanayoleta maumivu katika uke wa nje wa mtoto. Maelezo hayo, hata hivyo, yameandikwa zaidi kwa lugha za kigeni na kwa kliniki zenye vifaa, hali ambayo haifanani na zahanati ya kijijini yenye muuguzi mmoja, tochi na foleni ndefu. Inafaa kusema mapema kwamba sehemu kubwa ya utambuzi huu haihitaji zaidi ya tochi. Inahitaji swali lililoulizwa vizuri.

2.0 Maneno ya Mwili na Maneno ya Maumivu

Kiswahili hakina upungufu wa msamiati wa sehemu hii ya mwili. Yapo maneno kinena, mashavu ya uke, kisimi, kizinda na msamba. Tatizo ni kwamba neno uke hubeba maana mbili, njia ya ndani na sehemu ya nje inayoonekana, na mazungumzo ya kila siku hayatofautishi. Neno kongwe, kuma, hutaja sehemu yote bila utata, lakini limekwisha kugeuzwa tusi, kiasi kwamba mtoto anayelitamka mbele ya mtu mzima hukemewa kabla ya kusikilizwa. Katika makala haya istilahi uke wa nje inatumika kwa maana ya mashavu makubwa na madogo, kisimi, tundu la mkojo na mlango wa uke.

Kinachobaki kwa mtoto ni tafsida: sehemu za siri, huko chini, mbele, au tumbo la chini. Tafsida ni adabu na haipaswi kudharauliwa. Lakini daktari anayesikia “tumbo la chini linauma” huandika kipimo cha mkojo na dawa ya minyoo, na mtoto hurudi nyumbani bila kuangaliwa panapouma. Njia isiyovunja adabu ni kumpa mtoto mwanasesere au mchoro aoneshe kwa kidole, au kumwomba aweke mkono wake mwenyewe juu ya nguo mahali penyewe. Mkono hauhitaji msamiati.

Utata mkubwa zaidi umo katika vitenzi. Kitenzi kuwasha hutumika kwa hisia mbili. Upupu huwasha na pilipili huwasha, lakini aliyeguswa na upupu hujikuna, ilhali aliyeguswa na pilipili hutafuta maji. Mtoto anayesema “kunaniwasha” anaweza kuwa na muwasho wa minyoo midogo au wa ugonjwa wa ngozi, na anaweza vilevile kuwa na ngozi iliyochubuka. Swali “inakuwasha kama upupu au kama pilipili?” hutenganisha makundi haya kwa sekunde chache, na mtoto wa miaka sita hulielewa.

Vivyo hivyo kwa kuchoma na kuchonyota. Kuchonyota ni hisia ya chumvi au ndimu inapoingia kwenye mkwaruzo. Msichana anayesema mkojo unamchonyota mara nyingi anaeleza mkojo unaogusa ngozi yenye jeraha, na asili ya tatizo iko nje. Anayesema unamchoma kwa ndani, tena mwishoni mwa kukojoa, anaelekeza kwenye kibofu. Tofauti hii isipoulizwa, wote wawili huandikiwa kile kinachoitwa mitaani yutiai, na mmoja wao hunywa viuavijasumu asivyovihitaji. Kupwita huashiria jipu au uvimbe wenye usaha. Kutonesha, yaani kuumia upya kila panapoguswa, huashiria kidonda au maumivu ya mguso, ambayo yatajadiliwa mwishoni.

Suala la nani aulizwe nalo lina uzito. Katika jamii nyingi za ukanda huu mafunzo ya ukuaji wa msichana si kazi ya mama mzazi. Ni kazi ya somo au kungwi, na bibi ndiye anayeweza kutania na kuuliza mambo ambayo mama huona haya kuyagusa. Hivyo, msichana wa miaka 13 aliyeketi kando ya mama yake zahanatini anaweza kunyamaza kwa sababu ya heshima, wala si kwa kuwa hana la kusema. Muuguzi mwenye umri wa kutosha, anayeitikia “marahaba, mwanangu” kwa utulivu na kumwomba mama asubiri nje kwa dakika chache baada ya maelezo ya awali, hupata historia tofauti kabisa na ile iliyotolewa kwanza. Kwa mtoto mdogo kinyume chake ni sahihi: mama au bibi abaki, tena karibu.

3.0 Uchunguzi wa Mwili

Mtoto huelezwa kitakachofanyika, na ridhaa yake huombwa pamoja na ya mlezi. Akikataa siku hiyo, na hakuna dharura, uchunguzi huahirishwa. Kumshika kwa nguvu huharibu uchunguzi wa leo na wa miaka ijayo. Mtoto mdogo hupakatwa na mama au hulala chali, magoti yakiwa yamefunguka na nyayo zikikutana. Mashavu ya uke huvutwa taratibu kuelekea nje na chini, na kwa mwanga wa tochi tundu la mkojo, kizinda na mlango wa uke huonekana. Kwa yule asiyeonekana vizuri, mkao wa kupiga magoti huku kifua kimelazwa kitandani husaidia. Chombo cha kupanulia uke hakitumiki kwa mtoto ambaye hajabalehe. Ikilazimu kuangalia ndani, kazi hiyo hufanyika hospitalini chini ya nusukaputi.

Uchunguzi hauishii hapo. Msamba, sehemu ya haja kubwa, ngozi ya mwili mzima na kinywa huangaliwa pia, kwa kuwa baadhi ya magonjwa ya uke wa nje hujitokeza kwingine.

4.0 Sababu za Kawaida

Kwa mtoto ambaye hajabalehe, sababu inayoongoza ni uvimbe na wekundu usio na kimelea maalumu. Maumbile yenyewe hueleza kwa nini: homoni ya estrojeni ni kidogo, ngozi ni nyembamba, mashavu hayajanenepa kufunika, na sehemu ya haja kubwa iko karibu. Sabuni ya unga iliyobaki kwenye chupi, sabuni za dawa, nguo zilizolowa au mchanga hutosha kuleta maumivu. Tiba ni kuondoa kichokozi, kuosha kwa maji matupu, kukausha, kupaka mafuta ya mgando na kumfundisha mtoto kuchamba kutoka mbele kwenda nyuma. Ni tiba isiyo na sindano, na huenda ndiyo sababu walezi wengine huidharau.

Kosa linalojirudia ni kuita kila wekundu fangasi. Kwa mtoto aliyekwisha kuacha nepi na ambaye hajabalehe, kuvu aina ya kandida ni nadra, isipokuwa ana kisukari, ametumia viuavijasumu karibuni au kinga yake imeshuka. Mtoto wa namna hiyo mwenye kandida ya kweli apimwe sukari. Aliyepakwa dawa ya fangasi mara tatu bila nafuu hahitaji ya nne.

Muwasho wa usiku huelekeza kwenye minyoo midogo, ambayo hutibiwa kwa albendazoli au mebendazoli na dozi kurudiwa baada ya wiki mbili, familia nzima ikihusishwa. Wekundu mkali wenye mipaka dhahiri na maumivu makubwa, hasa baada ya maumivu ya koo, huashiria bakteria wa jamii ya streptokoki, na penisilini au amoksilini hufaa. Uchafu wenye harufu na damu usiokoma hudai kutafutwa kitu kilichoingia ukeni, kwa kawaida kipande cha kitambaa au karatasi.

Kwa aliyebalehe orodha hubadilika. Vitambaa vya hedhi visivyokauka vizuri, vinyweleo vilivyovimba baada ya kunyoa kwa wembe, majipu na kandida huchukua nafasi ya mbele. Vidonda vya ghafla vyenye maumivu makali vinaweza kumtokea msichana ambaye hajawahi kujamiiana, mara nyingi kufuatia homa ya virusi, na hupona vyenyewe ndani ya wiki chache. Msichana mwenye maumivu yanayorudi kila mwezi ambaye hajavunja ungo, ilhali matiti na vinyweleo vimeshatokea, aangaliwe kizinda: kisipokuwa na tundu, damu hujikusanya nyuma yake na uvimbe wa rangi ya samawati huonekana. Katika jamii inayohesabu siku za kumtoa mwali, kuchelewa huku huzua maneno mengi kabla ya mtu yeyote kuwasha tochi.

5.0 Kichocho cha Sehemu za Uzazi

Kichocho cha mkojo husababishwa na minyoo Schistosoma haematobium. Mayai hutoka na mkojo, huanguliwa katika maji baridi, na vimelea hukua ndani ya konokono wa jenasi ya Bulinus kabla ya kutoboa ngozi ya binadamu aliyeingia majini. Konokono huyu hastahimili maji ya chumvi. Kwa hiyo hatari haipo sawa katika delta nzima: vijito vya mikoko vinavyofikiwa na bahari si sawa na mabwawa ya maji baridi ya mabondeni. Kuuliza “unaoga na kufua wapi?” ni sehemu ya utambuzi kama kulivyo kuuliza panapouma.

Minyoo iliyokomaa hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu na viungo vya uzazi. Baadhi ya mayai yake, yenye mwiba mmoja nchani, hayafiki kwenye mkojo bali hunasa katika tishu za kibofu, mlango wa kizazi, uke na uke wa nje. Jambo hili si geni kwa tiba: Frank Madden alilichapisha kutoka Cairo mwaka 1899. Lililo geni ni kulifikiria. Kwa mwanamke mzima madhara huonekana zaidi ndani, yakiwa na mabaka yanayofanana na mchanga. Kwa mtoto ambaye hajabalehe uke wa nje huathirika zaidi: vinundu vigumu, uvimbe unaofanana na masundosundo, vidonda, muwasho na maumivu. Kwa maana hiyo mtoto ndiye anayeweza kutambuliwa kwa macho, na ndiye anayeangaliwa mara chache zaidi.

Makosa mawili ya kufasiri hujitokeza hapa. La kwanza ni la damu. Doa la damu kwenye nguo ya msichana wa miaka 11 linaweza kupokewa kama hedhi ya kwanza, na mambo ya unyago yakaanza kupangwa, ilhali damu imetoka kwenye mkojo. Karatasi ya kupimia mkojo, au hata kikombe cheupe, huweza kuonesha asili yake. Kosa la pili ni la heshima ya mtoto. Vinundu na uchafu vikisomwa kwa mwongozo wa tiba ya dalili uliotungwa kwa watu wazima, matokeo ni ugonjwa wa zinaa. Msichana hupewa dawa zisizomsaidia, mama hupewa mashaka, na kijiji hupewa habari. Kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana. Sentensi hiyo yapasa kusemwa kwa sauti zahanatini, mbele ya msichana na mlezi wake, kabla hawajaondoka.

Vipimo vina mipaka yake. Mkojo unaochukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuonesha mayai, lakini kichocho cha sehemu za uzazi kinaweza kuwapo bila yai lolote kuonekana kwenye mkojo. Kwa msichana anayeishi kwenye eneo la kichocho, mwenye dalili na historia ya kuingia maji hayo, inafaa kutibu. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, baada ya chakula. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linapendekeza tiba ianze katika umri wa miaka miwili.

Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, haiui vizuri ile michanga, na haiondoi mayai yaliyokwisha kunasa. Vinundu, kwa hiyo, huweza kuchukua miezi kupungua, na vingine hubaki. Hapa ndipo umri unapokuwa na thamani. Utafiti wa Kjetland na wenzake nchini Zimbabwe, uliochapishwa mwaka 2008, ulionesha kuwa wanawake waliopata dawa kabla ya kufika miaka 20 walikuwa na madhara machache ya mlango wa kizazi kuliko wengine. Tafiti za kundi hilohilo zimehusisha kichocho cha sehemu za uzazi na maambukizi ya virusi vya ukimwi. Ugawaji wa dawa mashuleni ni hatua kubwa, lakini kwa muundo wake humfikia aliye shuleni siku ya ugawaji. Aliyeko dunguni kulinda mpunga, aliyewekwa ndani kama mwali na aliyeacha shule hukosa dozi, na hao ndio wenye maji mengi zaidi katika historia zao au haya nyingi zaidi katika kusema.

6.0 Ukatili na Yanayofananishwa Nao

Hakuna mchunguzi wa maumivu haya anayeruhusiwa kusahau ukatili wa kingono, wala hakuna anayeruhusiwa kuuthibitisha kwa haraka. Kwa watoto wengi waliofanyiwa ukatili uke wa nje huonekana wa kawaida. Kuonekana kawaida hakukanushi lolote, na maelezo ya mtoto hubaki kuwa ushahidi mkuu. Yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, hata yakiwa yale yanayoitwa matusi. Kuyasafisha kwa tafsida kwenye faili ni kuyadhoofisha.

Kwa upande mwingine, yapo magonjwa yanayofanana na jeraha. Likeni sklerosasi huifanya ngozi kuwa nyeupe na nyembamba kuzunguka uke na sehemu ya haja kubwa, mfano wa tarakimu nane, ikiwa na michubuko na damu chini ya ngozi. Hutibiwa kwa krimu ya klobetasoli asilimia 0.05 na ufuatiliaji wa muda mrefu. Kushuka kwa utando wa tundu la mkojo, tatizo linaloripotiwa zaidi kwa watoto wenye asili ya Afrika kabla ya kubalehe, huonekana kama pete nyekundu inayotoka damu katikati ya uke wa nje. Anayetafuta tundu la mkojo katikati ya pete hiyo huepusha familia na tuhuma. Maji ya uvuguvugu na krimu ya estrojeni huwasaidia wengi, na wengine huhitaji upasuaji. Magonjwa haya na ukatili vinaweza kumpata mtoto mmoja, hivyo kugundua kimoja hakufuti swali la kingine.

Panapokuwa na shaka ya msingi, saa huhesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi huanzishwa ndani ya saa 72, na kwa aliyevunja ungo kinga ya mimba huzingatiwa. Fomu ya polisi namba 3 na Dawati la Jinsia na Watoto vina nafasi yao chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, lakini safari ya kufuata karatasi kutoka kisiwani hadi Kibiti mjini yaweza kumaliza siku nzima. Tiba ya dharura haipaswi kusubiri safari hiyo.

7.0 Maumivu Yasiyo na Kidonda

Hubaki kundi dogo la vijana ambao kila kipimo ni safi na bado wanaumia. Maumivu ya uke wa nje yaliyodumu angalau miezi mitatu bila sababu inayotambulika huitwa vulvodinia, kwa mujibu wa makubaliano ya kimataifa ya 2015. Hutambuliwa kwa kugusa taratibu kwa pamba ya kwenye kijiti, sehemu baada ya sehemu, na msichana kueleza panapotonesha. Kwa vijana ushahidi wa tiba ni mdogo, na nyingi zimeazimwa kutoka kwa watu wazima: kuacha vichokozi vyote, mazoezi ya kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, dawa ya ganzi ya kupaka, na kwa wachache dozi ndogo ya amitriptilini chini ya daktari bingwa.

Tiba ya kwanza, hata hivyo, ni kuaminiwa. Msichana aliyezunguka zahanati tatu na kuambiwa “huna kitu” hujifunza kunyamaza, na mara ijayo atakapokuwa na kitu hatarudi. Kauli iliyo sahihi kitabibu ni kwamba hakuna kidonda wala maambukizi, na maumivu yapo. Anapewa tarehe ya kurudi, na jina la muuguzi atakayemkuta siku hiyo.